Redio, Kabila na Jirani: Eldoret Inavyotufunza Nguvu ya Habari

Mnamo Novemba 28, 2007, majaji wa rufaa wa mahakama ya kimataifa iliyoundwa kushughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda walitoa mjini Arusha hukumu ya mwisho dhidi ya watu watatu ambao silaha yao ilikuwa habari. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM, alipewa kifungo cha miaka 30. Jean-Bosco Barayagwiza, mwenzake katika redio hiyo, alipata miaka 32. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, alipata 35. Arusha ni mji jirani. Basi la asubuhi kutoka Nairobi hufika huko mchana. Hata hivyo, onyo la Arusha halikuvuka mpaka wa Namanga.

Mwezi haukwisha kabla Wakenya hawajapiga kura, Desemba 27. Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya Desemba 30, na Bonde la Ufa likawaka. Januari 1, 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God kule Kiambaa, viungani mwa Eldoret, liliteketezwa likiwa limejaa wanawake na watoto waliokimbilia humo kuokoa maisha yao. Wengi wao walikuwa Wakikuyu. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliandika kwamba watu 17 waliungua hadi kufa ndani ya kanisa, na wengine 11 wakafa hospitalini au wakiwa njiani kupelekwa huko. Kesi ilipofika Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka wa 2009, Jaji David Maraga aliwaachilia washtakiwa wanne huku akikemea uchunguzi hafifu wa polisi.

Majirani waliouziana maziwa na mahindi kwa miaka mingi, watoto wao wakikaa dawati moja shuleni, walipataje kusadiki kwamba mmoja wao ni adui wa kufukuzwa? Ardhi na siasa ziko mbele katika jibu lolote la kweli. Ila kuna sehemu ya jibu ambayo hutajwa kwa haraka kisha ikasahaulika mpaka uchaguzi mwingine: jinsi habari inavyotueleza sisi ni nani, na wale ni nani. Katika suala hili Eldoret ina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Uwanda uliogombewa magazetini

Mwaka wa 1903, serikali ya Uingereza kupitia Waziri wa Makoloni Joseph Chamberlain ilitoa pendekezo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa mashariki mwa Ulaya makao katika Afrika Mashariki. Eneo lililokuja kufikiriwa ni uwanda wa Uasin Gishu, hapa hapa Eldoret inaposimama leo. Walowezi wa Kizungu waliokuwa Nairobi, ingawa walikuwa wachache, walikuja juu. Waliunda kamati ya kupinga, na Lord Delamere akapeleka malalamiko yao kwa telegramu hadi kwa gazeti la The Times la London. Hoja haikuwa ya mvua wala udongo. Ilikuwa ya watu: nani anastahili ardhi hii kwa damu yake, na nani hastahili.

Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta taifa lao, wenyewe walilikataa pendekezo hilo katika mkutano wao mkuu wa 1905, na kuanzia 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakapanda uwandani na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Mji ukaota kwenye shamba nambari 64, na mwaka wa 1912 ukapewa jina la Eldoret. Katika mabishano yote hayo ya magazetini, Wanandi na wafugaji wengine walioujua uwanda huu tangu jadi hawakuulizwa neno. Waliandikwa kana kwamba hawapo, na mtu aliyeandikwa kuwa hayupo ni rahisi kumwondoa. Hilo ndilo somo la kwanza: chuki huweza kuanza kwa kumnyamazia mtu, kabla hata ya kumtukana.

Kabila lililokua hewani

Somo la pili ni gumu zaidi kulipokea, kwa sababu linagusa jina ambalo mamilioni wanalibeba kwa fahari. Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo, Wamarakwet, Watugen, Wapokot, Wasabaot na Waterik wameishi na lugha zinazokaribiana, marika yao na mila zao kwa muda usioweza kuhesabika. Jina linalowakusanya pamoja, Kalenjin, ni la juzi. Wanahistoria, Benjamin Kipkorir akiwa wa mwanzo miongoni mwao, wamelifuatilia hadi miaka ya 1940. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtangazaji John Chemallan aliyezungumza na watu wake kupitia redio alikuwa na mazoea ya kuwaita wasikilizaji kwa maneno ya Kinandi yaliyozaa jina hilo, yenye maana ya "nawaambieni". Wanafunzi 14 waliotoka jamii hizo na kusoma Shule ya Upili ya Alliance, wakijikuta wachache katikati ya wengi, wakaunda chama chao na kukiita Kalenjin. Mwaka wa 1948 chama cha watu wazima, Kalenjin Union, kikaanzishwa Eldoret. Katika miaka ya 1950 likafuata jarida la kila mwezi lenye jina hilo hilo.

Redio, shule, chama, jarida: kwa njia hiyo, ndani ya takriban miaka kumi, watu waliojijua kwa majina mbalimbali walianza kujiona jamii moja. Wala hili si la Kalenjin peke yao. Waluhya walijikusanya chini ya jina moja katika kipindi cha ukoloni, na Mijikenda wa Pwani vivyo hivyo katika miaka hiyo ya 1940. Kila jamii ilitafuta wingi ili isikike mbele ya serikali ya kikoloni iliyopanga kila kitu kwa kabila, kuanzia mipaka ya wilaya hadi kipande cha shingoni.

Sisemi kwamba utambulisho huo ni wa uongo. Mtu anayelia kwa furaha bingwa wa mbio anapotua uwanja wa ndege wa Eldoret na kupewa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachushwa, haigizi. Ninachosema ni kwamba mipaka ya "sisi" si ya milele. Ilipanuliwa na watu, kwa sauti na kwa maandishi, na watu wakaikubali kwa sababu iliwafaa. Anayedai kwamba makabila ya Bonde la Ufa yamekuwa maadui tangu enzi za mababu anatudanganya: baadhi ya majina hayo yana umri mdogo kuliko bibi zetu. Na kama kipaza sauti kiliweza kuwakusanya Mnandi na Mtugen kuwa ndugu, hakuna sababu ya msingi ya ndugu hao kuishia pale pale.

Redio ilipozungumza lugha ya nyumbani

Kwa miongo mingi baada ya uhuru, redio nchini ilikuwa ya serikali peke yake. Mawimbi yalifunguliwa katika miaka ya 1990, na mwaka wa 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu. Rais Daniel arap Moi hakupendezwa. Alitaka redio za lugha za mama zipigwe marufuku kwa hoja kwamba zingeligawa taifa. Baada ya yeye kuondoka madarakani zikamiminika: Inooro, Ramogi, Mulembe na nyingine nyingi. Kass FM, ya Kikalenjin, ilianza mwaka wa 2005. Mwaka huo huo, kura ya maoni ya Novemba ikiwa imekaribia, serikali iliifunga kwa muda kwa tuhuma za uchochezi.

Tuwe waadilifu kuhusu thamani ya redio hizi. Mkulima wa Ziwa au Moiben ambaye Kiingereza cha taarifa ya habari kilimpita juu aliweza kwa mara ya kwanza kupiga simu studioni na kumuuliza waziri kuhusu bei ya mahindi na mbolea iliyochelewa. Bibi aliyekuwa akisikiliza tu akawa msemaji. Matangazo ya vifo, bei za sokoni, ushauri wa mifugo, nyimbo za ujana wao: yote yalifika kwa lugha inayoingia moyoni bila kubisha hodi. Katiba ya 2010 inaitaka serikali iendeleze lugha za wenyeji, na ni haki.

Nguvu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa hatari. Vituo vingi vilikua haraka kuliko maadili yake. Watangazaji wa vipindi vya simu mara nyingi walikuwa wachangamshaji hodari wasiopata mafunzo ya uandishi wa habari, na studio zilikosa mitambo ya kuchelewesha sauti hata kwa sekunde chache ili tusi likatwe kabla halijafika hewani. Aliyepiga simu akiwa na hasira aliingia moja kwa moja sebuleni kwa watu laki kadhaa, na wote walikuwa wa lugha moja. Jirani aliyekuwa akisemwa hakuwemo chumbani kujitetea. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na baraza la kijiji, ambapo anayelaumiwa huwa ameketi mbele yako.

Siku za moto

Tume ya Waki ilipokea ushahidi kwamba baadhi ya vituo vya lugha za mama, Kass FM ikitajwa pamoja na Kameme na Inooro, vilipeperusha maneno ya chuki kabla na baada ya uchaguzi wa 2007. Kwa Kikalenjin ziliripotiwa simu zilizozungumza kwa mafumbo, za nguchiro aliyekuja kuiba kuku na za watu wa maziwa kukata nyasi. Kwa upande wa Kikuyu ziliripotiwa nyimbo zilizowataja wapinzani kama wanyama wa magharibi. Fumbo lina sifa moja mbaya: msemaji anaweza kulikana mahakamani, hali kila msikilizaji amekwisha kulielewa.

Serikali nayo ilizidisha giza. Desemba 30, saa ambayo wananchi walihitaji habari kuliko wakati wowote, ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Pengo hilo lilijazwa na arafa za vitisho na uvumi. Kila kijiji kikapata habari yake, na kila habari ilisema kwamba wale wengine wanakuja usiku.

Mtangazaji wa Kass FM Joshua arap Sang, aliyeendesha kipindi cha asubuhi cha Lene Emet, alijikuta The Hague pamoja na mwanasiasa William Ruto. Upande wa mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ulidai kwamba alikitumia kipindi chake kusaidia mashambulizi ya Turbo, Kapsabet, Nandi Hills na mitaa ya Eldoret ya Huruma, Kimumu, Langas na Yamumbi. Sang alikana, akashikilia kwamba alihubiri amani. Kesi ilianza Septemba 10, 2013, na Aprili 5, 2016 majaji wawili kati ya watatu waliisitisha kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Hakutiwa hatiani. Mashahidi kadhaa walikuwa wamejiondoa au kubadilisha maelezo yao, na majaji wakaacha mlango wazi wa mashtaka mapya siku zijazo. Waliopoteza wapendwa wao hawakupata jibu, na mshtakiwa naye hakupata uamuzi kamili wa kumsafisha.

Mimi nalitazama tukio hilo hivi: kumsaka mtangazaji mmoja kulitusahaulisha mfumo. Wamiliki waliofuata faida ya kelele, wanasiasa waliolipia matangazo, wahariri wasiosikiliza vituo vyao wenyewe na sisi wasikilizaji tulioongeza sauti ya redio tuliposikia jirani akitukanwa, wote tulirudi nyumbani bila kuulizwa swali.

Neno "ukabila" na yanayofunikwa nalo

Vyombo vikubwa vya ng'ambo navyo vilikuwa na kasoro yao. Picha za Kiambaa zilizunguka dunia, na katika taarifa nyingi maelezo yalikuwa mafupi: makabila ya Afrika yameanza tena kuuana. Kwa msomaji wa London au Chicago, hilo lilitosha. Ni masimulizi ya kibaguzi, maana humwona Mwafrika kuwa mtu wa silika, asiye na sababu.

Sababu zilikuwepo, na zinaweza kutajwa kwa tarehe. Wakoloni walitwaa ardhi hii na kuifanya ya Wazungu pekee. Baada ya 1963 ikagawanywa upya kupitia miradi ya makazi na kampuni za kununua mashamba. Wengi walinunua kwa jasho lao, na wengi waliodai kuwa ni ya mababu zao wakaachwa nje. Vyama vingi viliporudi, Burnt Forest na maeneo mengine ya Bonde la Ufa yaliingia katika mapigano ya 1992, na Tume ya Jaji Akiwumi ikachunguza mkono wa wanasiasa na maafisa wa serikali. Bila kuhesabu mambo hayo, mtu hawezi kueleza kwa nini moto uliwaka katika misimu ya uchaguzi, ukazima uchaguzi ulipokwisha.

Kisha kuna risasi. Kati ya vifo 1,133 vilivyoorodheshwa na Tume ya Waki, 405 vilitokana na kupigwa risasi, na tume ilielekeza sehemu kubwa ya lawama hiyo kwa polisi. Bonde la Ufa pekee lilipoteza watu 744. Habari iliyosema "makabila yanapigana" ilifunika mtu wa tatu aliyekuwa na bunduki na sare. Ilifunika pia kwamba moto haukuchagua kwa usafi unaodhaniwa: Lucas Sang, mwanariadha wa Olimpiki wa Seoul 1988 na mwana wa eneo hili, aliuawa Eldoret katika siku hizo hizo, na Luke Kibet, bingwa wa dunia wa marathoni wa 2007, akapigwa jiwe kichwani.

Kutoka studioni hadi kiganjani

Leo kila mwenye simu ana kituo chake. Januari 8, 2022, katika mkutano wa kisiasa mjini Eldoret, Seneta wa Meru Mithika Linturi alitamka neno "madoadoa" mbele ya umati. Kwa watu wa hapa neno hilo si la rangi ya kitambaa. Lilitumika tangu miaka ya 1990 kuwataja waliohesabiwa kuwa wageni katika Bonde la Ufa. Kipande cha video kilienea nchini kabla mkutano haujapoa. Seneta alikamatwa siku iliyofuata, akafikishwa mahakamani Nakuru, akakana mashtaka na kueleza kwamba alizungumzia siasa za vyama. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa Waziri wa Kilimo. Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, iliorodhesha maneno yasiyofaa kutumika katika kampeni, na "madoadoa" lilikuwa mojawapo.

Mitambo ya kampuni za kigeni inayodaiwa kutulinda haitujui. Julai 2022 shirika la Global Witness pamoja na Foxglove waliwasilisha kwa Facebook, kwa majaribio, matangazo 20 ya chuki ya kikabila, 10 kwa Kiswahili na 10 kwa Kiingereza, yenye wito wa kuua na kubaka. Yale ya Kiswahili yalipitishwa. Yale ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa makosa ya sarufi na lugha chafu, yakarekebishwa kidogo, nayo yakapita. Waliojaribu waliyaondoa kabla hayajaonekana na umma. Mwezi mmoja kabla, utafiti wa Odanga Madung kwa ajili ya wakfu wa Mozilla ulikuwa umekagua video zaidi ya 130 za uchochezi na upotoshaji za TikTok kuhusu siasa za Kenya, zilizokuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni nne. Ikiwa Kiswahili, lugha ya mamilioni, hakilindwi, Kinandi au Kikuyu kitalindwa na nani?

Njia iliyokwisha kupitwa

Tuna mifano yetu ya kujenga. Januari 3, 2008, magazeti makubwa ya Kenya yaliweka ushindani kando na kuchapisha kichwa kimoja cha kuomba nchi iokolewe. Siku chache baadaye Ory Okolloh, Juliana Rotich na wenzao wakaanzisha tovuti ya Ushahidi, iliyowawezesha wananchi kutuma arafa kuhusu walichokiona ili kiwekwe kwenye ramani na kuthibitishwa. Simu iliyobeba uvumi ikabeba pia ukweli.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Eldoret. Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret alifungua uwanja wa kanisa kuu la Sacred Heart kwa maelfu ya wakimbizi. Kisha, kamera zilipoondoka, akaanza kazi isiyo na picha nzuri: kuwakutanisha wazee wa pande zilizopigana, wachache kwanza, kila upande ukisema uchungu wake hadi mwisho huku mwingine ukisikiliza. Baada ya hapo walijenga pamoja kitu ambacho wote wangekitumia, kama barabara, daraja au josho la mifugo. Aliyaandika hayo katika kitabu chake Amani Mashinani, na akaaga dunia Oktoba 2017. Mbinu yake ndiyo mbinu ambayo kipindi cha simu cha asubuhi kinaikosa: mtu unayemsema awepo, na apewe zamu.

Tusichanganye amani hiyo na kimya. Katika uchaguzi wa 2013 vyumba vingi vya habari viliogopa 2008 kiasi cha kutouliza maswali magumu kuhusu kura zenyewe. Aliyenyimwa habari hatulii. Huitafuta kwa mchochezi. Sheria ya 2008 ya uwiano wa kitaifa inatoza faini ya hadi Sh1 milioni au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa matamshi ya chuki, na Kifungu cha 33 cha Katiba kinasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza hauhusishi uchochezi. Maandishi tunayo. Kinachokosekana ni mazoea.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, itaufikia ikiwa na vituo vingi zaidi na simu nyingi zaidi kuliko wakati wowote. Mwenye kituo, mfunze mtangazaji wako na uweke mtambo wa kuchelewesha sauti kabla ya kampeni, kwa maana baada ya kampeni hautafaa kitu. Mtangazaji, siku unapozungumzia shamba lenye mzozo, mwalike wa upande wa pili aseme kwa lugha yake na umtafsirie wasikilizaji wako kwa uaminifu. Msimamizi wa kundi la WhatsApp, futa fumbo la chuki hata kama limeandikwa na mjomba wako. Nawe msikilizaji, ukisikia jirani yako anaitwa mnyama, gugu au doa, piga simu hiyo hiyo useme kwamba unamfahamu, utaje soko mnalouzia pamoja, na ukatae.